Ruhusa ya Kunyonyesha

Juzi nilikwenda ofisi moja hapa Sumbawanga kufuatilia leseni ya duka. Karani, mama mwenye mtoto mchanga, alikuwa akiomba ruhusa akanyonyeshe.

“Andika barua,” alisema bosi wake, akikoroga chai. Akanywa, akatabasamu. “Maziwa ya leo matamu! Muuza maziwa kaacha kutia maji?”

Karani akatazama dirishani, ambako baridi ya Ufipa hutunza maziwa ya ofisi. Chupa ilikuwa tupu.

“Muuza maziwa hajapita leo, mzee. Hayo nimeyakamua mwenyewe. Ni ya mtoto.”

Bosi akakiweka kikombe mezani kwa mikono miwili.

“Nenda.”

“Na barua, mzee?”

“Barua ya nini?”

Sijawahi kuona ruhusa ikitoka upesi hivyo. Mimi, nisiye na maziwa, niliambiwa nirudi kesho.