Kifaransa Nilichowafundisha Kuku

Nilisikia milio ya risasi upande wa milimani kabla sijamwona afisa aliyekuja kunihoji. Kwa miezi mingi nilikuwa nimewahutubia kuku wa kijijini kwetu Kasenga kwa Kifaransa, nao walinisikiliza kwa heshima, hata nikajiona nimeiva. Mahojiano hayo ndiyo yangeamua kama nitamfuata mume wangu Kanada.

Afisa, mama wa Kizungu, aliuliza ni lini mume wangu alinipigia mara ya mwisho. Mlio mwingine ukameza nusu ya neno, na masikio yangu, yaliyokulia vitani, yakasikia "coup de feu". Risasi! Nikajua wanamdhania mwasi.

"Jamais, Madame!" nililia, mkono kifuani. "Kamwe! Hata moja, tangu tuoane!"

Akauliza tena. Nikaapa tena, kwa sarufi safi kabisa. Akafunga mkoba wake.

Dereva wake, aliyesimama mlangoni, alitikisa kichwa. "Dada, weye! Anauliza coup de fil, simu. Bwana yako hajakupigia hata simu moja? Sasa anaona ndoa yenu ni ya uongo."

Hunipigia kila Jumapili. Nikatafuta Kifaransa cha kusema hivyo, maana hilo ni swali ambalo kuku hawakuwahi kuniuliza. Nilipokipata, mlango ulikuwa umeshafungwa nyuma ya afisa.