Chui Milia Aliyekaribishwa Pilau

Wanaosema bibi huyu kachanganyikiwa na waseme. Mimi nilikuwepo, tonge mkononi, na mwenzangu anaumia hadi leo.

Mimi ni mtu wa Mombasa. Hapa Dubai nimefagia majumba ya watu, nimefagia hoteli, mwisho nikafagia jumba dogo la makumbusho la tajiri mmoja. Humo mna chui milia wa shaba, hazidi kiberiti, katoka Uchina. Madam anayetusimamia alituambia watu wa kale walivishona vitu vile kwenye mikanda, wakazikwa navyo. Kilichofukuliwa kaburini mimi sikipendi, lakini kazi ni kazi, nikawa nafuta kioo chake.

Ijumaa moja mchana, mlango umefungwa, watu wako msikitini. Tumebaki mimi na Wasswa, mlinzi wa Kiganda, jamaa mnene, mcheshi, shati lamkaba tumbo. Tuko chumba cha chai tunakula pilau yangu. Na pilau ile, niamini, ilikuwa pilau. Mchele niliuchagua mwenyewe kule Muraqqabat. Mara mtu kasimama mbele yetu, katokea ukumbini. Sura ya Kichina, koti la ngozi na joto lote lile, mkanda wake una nyuzi zilizokatika, kama uliong'olewa kitu. Ananuka udongo mbichi. Sasa mtu wa pwani, ukikutwa unakula, utasemaje?

"Karibu, baba, tule."

Jibu lake sote twalijua. Naye alilitoa, kwa Kiswahili safi kama mtu wa Lamu: "Ahsante, nimeshiba. Mnyama wangu ndiye ana njaa."

Wasswa akacheka, mdomo umejaa. "Banange! Mwambie akuje, mzee. Atakula na mimi, sahani moja!"

"Wamkaribisha wewe?"

"Mimi Wasswa. Huyu Mama ndio shahidi."

Yule mtu akainamisha kichwa, akarudi ukumbini. Tukamfuata. Hakuna mtu! Mlango umefungwa vilevile, ufunguo uko kiunoni kwa Wasswa. Lakini mle ndani ya kioo, wallahi, mdomo wa chui unang'aa mafuta, na punje ya wali imenasa menoni. Kioo kile hukifungua madam peke yake.

Tangu hapo Wasswa akila hashibi. Kule International City wenzake wa chumba wakawa wanamficha masufuria. Lile shati likampwaya. Hospitali hawakuona ugonjwa. Karudishwa kwao amebebwa. Mama yake hunipigia simu: anamwekea sahani mbili, zote zinakwisha, na mwanawe anazidi kukauka. Nilimweleza yote. Juzi akaniuliza, "Dada, huyo mgeni ataondoka lini?"

Mgeni uliyemwita kwa kinywa chako, nani amfukuze?

Siku hizi nakula nimejifungia. Majirani hapa Satwa wananiita mchoyo, na waniite. Nawe usinicheke. Ukimkaribisha mtu chakula, mkaribishe yeye tu, umwone anatia mkono sahanini. Akikwambia ameshiba, khalas, usimwite na wa kwake mwenye njaa.