Mikono ya Mama Mdogo

Harufu ya mafuta ya nazi yaliyopashwa juani, na kitana cha mbao kikikwaruza utosini: hivyo ndivyo Jumamosi zilivyoanza kwetu Tandika. Neema, mdogo wake mama, aliishi nasi katika chumba cha uani, na kazi yake ilikuwa kusuka. Yeye alikaa kwenye kigoda, mimi mkekani, kichwa changu katikati ya magoti yake. Wanawake walimfuata hata kutoka Buguruni, kwa sababu mistari yake ilinyooka na alisuka bila kuumiza. Alisuka huku akiimba nyimbo za kwaya, sauti yake ikinipitia mgongoni, nami nikasinzia.

Masika ya mwaka niliokuwa darasa la nne, kichwa changu kilianza kujua jambo ambalo watu wazima nyumbani hawakulijua, au hawakutaka kulijua. Asubuhi vidole vyake vilitetemeka. Nilivisikia utosini, vikitafuta nywele na kuzikosa, kitana kikiparaza sikio. "Mama mdogo, mbona unatetemeka?" nilimuuliza. "Baridi, mwanangu. Tulia," alijibu, na jasho lake likinidondokea shingoni. Kisha akasema anakwenda kunywa maji. Aliporudi, vidole vilikuwa vimetulia kabisa, na mdomo wake ulinukia peremende. Ikawa hivyo kila Jumamosi. Nilifika mahali nikawa nayasubiri hayo maji kwa hamu, maana baada yake mama mdogo wangu alikuwa yule yule tena.

Lakini maji yakawa mengi. Chakula cha mchana aliacha kukigusa, na mtu akiingia chumbani kwake bila hodi aling'aka. Mistari ikaanza kupinda. Siku moja nikifagia kwake nilikuta chini ya godoro viroba vitupu, vile vipakiti vya pombe kali vilivyouzwa kila duka, vyote vimeng'atwa pembe. Nilimpelekea mama. Alivitazama, akavifunga kwenye ncha ya khanga yake. "Neema ana malaria sugu," aliniambia. "Usiende kusema nje." Jioni akamletea dawa za malaria, na mama mdogo akazimeza mbele yetu, ameinamisha uso.

Kabla mvua hazijaisha, Zaituni, binti wa jirani, aliolewa. Mama mdogo ndiye aliyeahidi kumsuka. Asubuhi ya harusi mama yake Zaituni alikuja mwenyewe. "Neema yuko wapi? Bibi harusi kakaa tu, nywele zimefumuliwa." Tulimtafuta, tukamkuta nyuma ya choo, amelala kwenye tope, sketi imepanda, watoto wamemzunguka wakicheka. Mama alivua khanga yake akamfunika, akamwinua.

"Dada," mama mdogo alisema, ulimi mzito, "niletee kitana. Bibi harusi asichelewe."

Nilidhani mama Zaituni angefoka. Alikuwa analia. "Mama Tumaini," alimwambia mama taratibu, "hii siyo malaria." Mama alimwingiza mdogo wake ndani akafunga mlango, nami nikabaki nje nikisikia maji yakimwagwa na mtu akiomba radhi, tena na tena.

Tangu siku hiyo hakuna mwanamke aliyeleta kichwa chake kwetu. Mama mdogo alipelekwa kwa bibi Morogoro, tukaambiwa amekwenda kubadilisha hewa. Alifariki nikiwa sekondari, macho ya njano, tumbo limejaa maji. Msibani walisema ni ini. Kilicholiharibu hakikutajwa.

Leo viroba vimepigwa marufuku, Tandika mabinti wanasukwa kwenye saluni za vioo, na hospitalini watakwambia waziwazi kwamba ulevi ni ugonjwa na una tiba. Aibu tu ndiyo haijahama. Ofisini kwetu Kinondoni yupo Dada Joyce, aliyenitangulia kazini, ambaye chupa yake ya maji haiguswi na mtu mwingine. Nilimwangalia kwa wiki kadhaa. Mwezi uliopita nikamfuata kwenye ngazi.

"Dada, asubuhi unaanza kunywa saa ngapi?"

Nilijua huenda hatanisemesha tena.

"Kabla sijapiga mswaki," alisema, akakaa kwenye ngazi.

Nikakaa naye. Nyumbani kwetu tulimpenda sana Neema, na hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo.