Nondo ya Phanuel

Phanuel, fundi wa kijiji cha Lindi, aliwaunganishia watu stima kwa waya mmoja tu kutoka transfoma. Badala ya waya wa kurudi alichimbia nondo ya chuma ardhini. "Udongo ni waya wa bure," alizoea kucheka.

Asubuhi moja baada ya mvua, waya huo ulikatika katika kijiji jirani cha Silanga ukalalia nyumba ya mabati ya Kageha, mama muuza makaa. Nyaya nyingine mbili za transfoma zilibaki na mzigo wao wa kawaida, lakini huo wa tatu ulimwaga stima kwenye tope bila kipimo, nayo ikarudi mbio kwenye transfoma kupitia ardhini. Transfoma ikanguruma kama fahali anayechinjwa. Joan, bintiye Kageha, alikuwa ameshika mlango, mkono umenata, meno yanagongana.

Phanuel akaja mbio, akanyakua mpini mkavu wa jembe, akaupiga ule mkono mpaka mfupa ukalia. Joan akaanguka, akipumua. Transfoma ikapasuka, mafuta yakawaka, kijiji kizima kikazimika.

"Umemvunja mwanangu," Kageha alisema.

"Mfupa huunga, mathe."

Kageha akauokota mpini, akamvunja naye mkono. "Basi na huo utaunga."

Siku hizi Phanuel hufunga nyaya mbili, kwa mkono usionyooka.