Jalada la Ngongoti

Kijana yule walimwita Ngongoti, maana tangu ana miaka kumi na sita alikuwa akiinama kila mlango. Dada yake alikuwa fundi cherehani. Suruali zote za mdogo wake zilipita mikononi mwake, na kila mwaka alikunjua pindo, mpaka pindo likaisha. Kisha kijana akaingia jeshini, vita vikaja, barua zikakoma. Vita vilipokwisha wenzake walirudi, wengine wazima, wengine kwa magongo. Yeye hakurudi, wala hakuna aliyeleta habari zake, hata za uongo.

Mwaka wa kumi na moja tangu vita viishe, mama yao, ambaye macho yake yalikuwa yamekwisha, alimwita fundi. "Mwanangu, nitafutie nijue kama nimlilie au nimngoje. Nimechoka kufanya yote mawili."

Fundi akaenda masjala ya jeshi, chumba kirefu nyuma ya kambi, majalada yamefungwa kamba na kupangwa hadi darini. Karani, mzee mwenye miwani iliyoshikiliwa na uzi, aliandika namba ya askari kutoka kwenye bahasha ya barua ya mwisho.

"Njoo Jumanne."

Jumanne ikazaa Jumanne nyingine, miezi mitano, hata mlinzi wa getini akamzoea. "Dada, na wewe tukukatie sare?"

"Nitajishonea mwenyewe. Hizo zenu mabega yamekwenda kombo."

Siku moja karani akamwita ndani. Jalada lilikuwa na karatasi moja. Chini yake palipigwa muhuri: MTORO.

"Mdogo wangu hakutoroka, mzee."

"Mwanangu, mimi nasoma kilichoandikwa."

"Basi soma na vipimo."

Karani akasogeza miwani. "Urefu, futi tano na inchi tatu. Kifua…"

"Ishia hapo. Mdogo wangu alikuwa futi sita na inchi nne. Nimemshonea tangu mtoto. Huyu si yeye."

Mzee aliigeuza karatasi, akairudisha mezani taratibu. "Adui alipokaribia mji, majalada haya tuliyarusha kwenye malori kama kuni. Mengi yalifumuka. Karatasi yake itakuwa ndani ya jalada la mtu mwingine."

"La nani?"

Karani akatazama rafu.

Hata hivyo hakumtupa. Kila Jumanne walifungua furushi pamoja, yeye akisoma majina na vipimo, fundi akisikiliza urefu. Walikuwa wamemaliza rafu mbili kati ya sitini mzee alipostaafu. Karani mpya alisema raia haruhusiwi kuingia. Baada ya wiki tatu ikaja barua: askari ni mtoro, shauri limefungwa.

"Wamesemaje?" mama aliuliza.

Njiani fundi alikuwa ametunga maneno: kwamba alikufa kishujaa, kwamba hakuteseka. Sasa akayaacha. "Hawajui, mama. Na waliyoyaandika si yake."

Mama alipapasa ukingo wa kitanda. "Umechoka, mwanangu. Kaa chini."

Alifariki kabla ya mwaka kwisha. Msibani watu walihesabu watoto wake, na walipofika kwa Ngongoti wakashindwa kujua wamweke upande gani, wakamruka. Fundi aliiandikia masjala barua mbili. Hakujibiwa. Ya tatu aliianza, akaandika namba ya askari na tarehe, akaiacha hapo. Mteja alikuwa mlangoni na gauni la kupunguzwa.