Wifi yangu ameandika "Hapana" kwenye fomu ya upasuaji

Admin, tafadhali ondoa jina langu kabla hujaweka haya, maana wanaonijua wamejaa humu. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, naishi Kisauni na mume wangu na watoto wetu watatu. Nauza madera, na mengi huyauza kwa kuyavaa mwenyewe na kupiga picha. Majina nitakayotaja nimeyabadilisha.

Miaka miwili iliyopita nilifanya jambo ambalo mume wangu hakulijua. Baada ya uzazi wa tatu tumbo lilinitoka, nyuma kukawa bapa, na kila nikijipiga picha naona dera limetundikwa tu. Nikasikia kuna kliniki wanakunyonya mafuta tumboni na kiunoni, kisha wanakudunga hayo hayo makalioni. Nikaenda. Mume wangu nilimwambia natolewa uvimbe tumboni. Aliyeniuguza ni dadake, wifi yangu, nimwite Rukia. Ni yeye tu aliyejua. Wiki kadhaa sikuweza kukaa. Nakula nimepiga magoti, nalala kifudifudi, nimebanwa na ile nguo ya mpira katika joto hili letu. Rukia alinifulia, alinilisha, alisema uongo kwa ajili yangu.

Miezi ya kwanza nilipendeza, siwafichi. Kisha upande mmoja ukaanza kupungua, na upande wa pili ukafanya kitu kigumu chini ya ngozi, kikubwa kama kokwa ya embe, tena chauma. Daktari wa hospitali nyingine alinieleza kwamba si mafuta yote yanayoshika. Mengine mwili huyala, na yaliyokosa damu hufa yakawa mabonge. Akaniuliza, "Kwani hawakukwambia?" Hawakuniambia, na mimi sikuuliza. Hata anayenikata kasomea nini sikuuliza. Tangu hapo navaa sponji chini ya dera, picha zatoka vizuri, na Rukia nimekuwa nikimwambia kila kitu ni salama. Hilo ndilo linaloniua.

Rukia ana miaka ishirini na tisa, ameachika, yuko kwa mamake Ziwa la Ng'ombe na mtoto wa mwaka mmoja. Alipojifungua, mguu ulimvimba mpaka hospitali wakasema damu imeganda ndani ya mshipa. Mimi ndiye niliyekuwa nikimsindikiza. Alichomwa sindano, akameza dawa miezi mingi, na daktari alimwambia mbele yangu, "Upasuaji wowote maishani mwako, kwanza useme habari ya mguu huu."

Jumatatu akaja kwangu uso umemchanuka, akanipa simu nisome. Amepata nafasi ya kufanyiwa kama mimi, kliniki ile ile, Jumamosi asubuhi, na fomu ameshaijaza. Palipoulizwa kama damu imewahi kumganda, ameandika "Hapana".

"Wifi, mbona umedanganya?"

"Nikiandika ndiyo watanirudisha."

"Basi wakurudishe! Damu ikiganda tena ikapanda mapafuni, Rukia, ni kifo. Na mafuta yenyewe yakiingia kwenye mshipa, ni vivyo hivyo."

"Mbona wewe hukufa? Tena ukarudi mzuri."

Nikafunga mlango. Nikatoa sponji, nikapandisha dera, nikauchukua mkono wake nikauweka pale pagumu. Aliuondoa kama ameshika jiko. Akalia kidogo, nikadhani nimempata. Kisha akafuta macho kwa mtandio, akasema, "Miaka miwili nakusifu, umenyamaza. Leo zamu yangu ndipo unasema?"

Akachukua simu yake akatoka. Alipofika mlangoni akageuka. "Ukimwambia kaka, nami nitamwambia uvimbe wako ulikuwa uvimbe gani."

Jumanne nikapiga simu kliniki, nikawaeleza habari ya mguu wa Rukia. Mwanamke aliyepokea akaniambia mgonjwa mwenyewe ndiye anayejieleza, na sahihi ameshatia. Nikaomba kusema na daktari. "Daktari huonana na mteja siku ya operesheni, dada." Wallahi! Mtu akupasue na hajawahi kukuona!

Jana mume wangu aliporudi kutoka bandarini nikamkalisha, nikamweleza yote, langu kwanza. Nilifikiri nikilitoa mwenyewe, Rukia hatakuwa na cha kunitishia. Hakupiga kelele. Aliniangalia mpaka nikainamisha kichwa.

"Niliombesha dua mskitini kwa ajili ya uvimbe ule," akasema. "Watu waliitikia amin."

"Nisamehe, Baba Salma, lakini sasa ni Rukia..."

"Usimtie dadangu katika uongo wako."

Akampigia simu pale pale, nikasikia. Rukia akacheka. "Kaka, mimi niende kwa daktari gani na mtoto mdogo huyu? Mkeo kachanganyikiwa." Mume wangu akakata simu, na tangu hapo hajanisemesha neno.

Leo ni Alhamisi. Rukia amenifungia simu. Asubuhi nilikwenda kwao. Mama mkwe akaniambia Rukia ameondoka, yuko kwa rafikiye mpaka wiki ijayo, mtoto amemwachia yeye. Akanipakatisha yule mtoto na kuniuliza mbona natetemeka. Nikasema nina homa. Mama mkwe ana presha, na mwaka huu ameshalazwa mara moja.

Ndugu zangu, mimi niliyedanganya nyumba nzima, nani ataniamini? Nimwambie mama mkwe, lolote limpate? Au Jumamosi nikasimame mlangoni mwa kliniki nimpigie daktari kelele mbele za watu? Nipeni rai leo, kesho nitakuwa nimechelewa.

Na Rukia, kama unasoma haya, nitukane, usiniongeleshe tena maisha. Lakini kabla hawajakulaza, wifi yangu, waambie ukweli.