Jivu Chini ya Chombo cha Saynab

Visima vya Habaswein vina kelele zake: kamba zinazosugua ukingo, mbuzi, wanaume wanaogombea zamu. Kelele moja haipo tena. Zamani, kabla chombo cha maji hakijapakiwa juu ya ngamia, mwanamke mmoja mrefu alikuwa akikigonga ubavuni kwa kifundo cha kidole, kisha anainamisha kichwa na kusikiliza. Watu walinyamaza mpaka amalize. Siku hizi maji hubebwa kwa mitungi ya plastiki, na plastiki hata ukiigonga haina la kukwambia.

Jina lake lilikuwa Saynab. Alisuka haan, vile vyombo vikubwa vya maji vinavyosukwa kwa nyuzi za mizizi, vikabanwa mpaka sindano haipiti, vikapakwa maji ya magome yaliyochemshwa na kufukizwa moshi. Mumewe, Gelle, alikuwa mtu wa ngamia, mpole kupita kiasi. Wenzake walimcheka kwamba hata kupe alimwomba radhi kabla ya kumng'oa.

Katika ukame mmoja wa miaka ya thelathini, Gelle aliondoka peke yake kwenda kutafuta ngamia waliopotea upande wa kusini. Alibeba chombo kimoja tu, kipya, kazi ya mkewe, juu ya ngamia mmoja wa mizigo. Alipochelewa, kaka yake Olow alimfuata. Alimkuta mwendo wa siku moja kutoka visimani, chini ya mgunga uliopinda, amelala ubavu kama mtu aliyejipumzisha. Ngamia wake alikuwa amepiga magoti kando, na chombo kilikuwa kinaning'inia tawini juu ya kichwa chake. Kilikuwa kitupu.

"Kimevuja," Olow alisema msibani, na neno hilo likakaa.

Hakuna aliyemtukana Saynab. Waliacha tu kununua. Wanawake waliokuwa wakimletea mizizi walianza kupita njia nyingine, na Hinda, mama yake Gelle, aliyekuwa akila naye sahani moja, akawa anapika chakula chake mwenyewe. Saynab alikaa eda yake yote akikitazama kile chombo pembeni ya kibanda. Kama kimevuja, basi amemuua mumewe kwa mikono yake. Kama hakikuvuja, alitaka kujua maji yalikwenda wapi.

Eda ilipokwisha, alimwita Olow na Hinda. "Nitakijaza nikitundike hapa, nimwage jivu chini. Jivu halifichi tone."

Olow alicheka. "Shemeji, chombo kikikaa kitako nyumbani hata changu kitashika maji. Kitikise juu ya ngamia mchana kutwa, kipigwe na jua, kisha kipate baridi ya usiku. Hapo ndipo utakijua. Mimi siku hizi nabeba maji kwa debe la mafuta ya taa. Linanuka, lakini halijaniua."

"Basi nitakwenda mpaka kwenye ule mgunga. Na ngamia yule yule."

"Na nani?"

"Na nani tena? Nikienda na mtu, mtasema tumejaza njiani."

Chombo kilipokwisha kujazwa, Hinda alisogea, akakifunga mdomo kwa ukanda wa ngozi, kwa fundo lake ambalo hakuna mwingine aliyeweza kulirudia. "Ukinywa, nitajua," alisema.

Ndivyo Saynab alivyotoka, akivuta ngamia aliyebeba maji ambayo hakuruhusiwa kuyagusa.

Alifika jua likizama. Nchi ile haina mlima wala kilima cha kushika jicho. Giza halitoki mahali popote, linakuwapo tu. Alitundika chombo kwenye tawi lile lile, ambalo bado lilikuwa na mkwaruzo wa kamba ya kwanza. Akawasha moto mdogo wa kumtosha yeye, na ulipokufa akachukua jivu, akalitandaza chini ya chombo na kulisawazisha kwa kiganja. Kisha akaketi. Ulimi wake ulikuwa umekauka kama kipande cha ngozi. Juu yake maji yalitulia, na kila baridi ilipozidi nyuzi zilijikaza kwa mlio mdogo. Aliujua mlio ule. Ni wa chombo kizima.

Ngamia ndiye aliyetangulia kunyamaza. Aliacha kucheua.

"Mwenye maji," sauti ilisema nje ya kivuli cha mti. "Nina kiu."

Baadaye, kila alipoulizwa ilikuwa sauti ya nani, Saynab alisema haikuwa ya mwanamume wala ya mwanamke. Ilikuwa sauti ya mtu aliyekwisha kuomba mara nyingi.

Alisoma dua alizozijua. Sauti haikuondoka wala haikusogea. "Mwenye maji. Nina kiu."

Kwao mtu akiomba maji haulizwi ni wa ukoo gani. Atapewa kwanza, habari zitafuata. Saynab alilitazama lile fundo. Akilifungua, hakuna atakayemwamini tena maisha yake yote. Asipolifungua, amemnyima maji mtu mwenye kiu mahali pale pale alipofia mumewe. Alisimama akalifungua.

Kifuniko cha haan ndicho kikombe chake. Alikijaza akakinyoosha gizani, na kikapokelewa. Hakusikia mtu akimeza. Kikombe kiliporudi mkononi mwake kilikuwa kikavu, si ukavu wa maji kumalizwa, bali wa kitu kilichoachwa juani msimu mzima, na ndani yake mlikuwa na vumbi.

"Mwenye maji. Nina kiu."

Alijaza tena. Akajaza tena. Chombo kilianza kuwa chepesi, na katika wepesi ule akaelewa. Alimwona Gelle amesimama pale pale alipokuwa amesimama yeye, anajaza na kunyoosha mkono, anajaza na kunyoosha mkono, kwa kuwa kinywa chake hakikuwahi kujifunza neno hapana.

"Nimekupa," Saynab alisema. "Yanatosha. Na mimi nina njia ya kurudi."

Aliupeleka mkono chini ya chombo, akalipapasa jivu kote. Lilikuwa unga mkavu. Akapakia chombo na kuondoka usiku ule ule. Sauti ilimfuata nyuma ya ngamia, haikupanda wala kushuka, ikiomba, mpaka weupe wa alfajiri ulipotokea.

Hinda alikuwa amesimama nje ya boma. Aliona ukanda umefunguka. Akakitikisa chombo, akasikia maji yakigonga chini.

"Umekunywa."

"Sikunywa, hooyo, mama yangu."

"Naa, Saynab, fundo langu limefunguka lenyewe?"

"Nimelifungua mimi. Mtu ameniomba maji."

Olow alipiga kofi pajani. "Mtu! Kule? Labda fisi amejifunza kubisha hodi!"

Lakini Hinda hakumsikiliza. Alikuwa akiitazama midomo ya mkaza mwanawe. Ilikuwa imepasuka, damu imekauka kwenye pembe. Hiyo si midomo ya mtu aliyekunywa. Alimkalisha, akamnywesha polepole kwa mkono wake, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu msiba, kisha akasema, "Nieleze." Akaelezwa yote, hadi vumbi la kikombe.

Siku iliyofuata bibi yule alijaza chombo kile kile na kumpakia ngamia. Olow alimshika mkono, "Mama, unakwenda kufanya nini?" naye Hinda akamtoa kama anavyotolewa inzi. Hakutaka mtu. Saynab alibaki bomani hana usingizi, kwa kuwa sasa kilichokuwa njiani hakikuwa jina lake tu.

Hinda alirudi mchana wa pili, amelala juu ya ngamia, sauti imemkauka. Chombo kilikuwa kitupu kabisa. Walimpa maji, akanywa, akapumzika. Kisha akaomba apelekwe visimani, watu wakiwa wengi.

"Hakivuji," alisema.

Walingoja aendelee. "Mwanangu nilimlea asimnyime mtu maji. Nilimlea mimi."

Wateja walirudi. Saynab alisuka mpaka macho yalipofifia, na hakuuza chombo ambacho hakijalala usiku mmoja porini, yeye peke yake chini yake, jivu limetandazwa. Hakurudi tena kwenye ule mgunga, ila popote alipolala aliacha kikombe kimoja cha maji nje ya kivuli, na asubuhi hakukitazama. Alikiinua huku uso ameugeuza, akakikung'uta.

Amezikwa Habaswein, kusini ya visima, kando ya Hinda.